Diski ya Kanda ya Nne

Nchi ninayoisimulia sitaitaja jina. Si kwa woga. Katika nchi ile hakuna anayeogopa. Alikuwapo mmoja aliyesema anaogopa, akachukuliwa, akaeleweshwa vizuri, na sasa haogopi wala hasemi. Sitaitaja kwa sababu jina lake hubadilishwa kila baada ya uchaguzi, nami sina hakika kama lile ninalolijua bado linatumika.

Mimi nilikuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini na mmoja, na watu wa mtaani kwetu wananiita Bwana Karani mpaka leo. Mwandiko wangu ni mzuri. Sisemi hivyo kwa majivuno. Ndio ulioniingiza katika habari hii. Jirani yangu, Bi Mwatumu Kilindo, alikuwa na jambo la kuiandikia Serikali, na mwandiko wake yeye ulikuwa wa mtu aliyefanya kazi ya kuunganisha simu maisha yake yote: unakimbia.

Bi Mwatumu alikuwa mkusanyaji wa diski za muziki. Si za kusikiliza tu, bali za kutazama: bendi za dansi zikipiga, waimbaji wakijifuta jasho, wanenguaji mbele. Alikuwa nazo elfu moja mia tatu na kumi na mbili, zimesimama kwenye rafu alizochongesha kwa seremala, kila moja na karatasi yake: jina la bendi, mwaka, nani kapiga gitaa la solo, nani alikuwa hasemi na nani siku hiyo. Diski ikikwaruzika aliiosha kwa maji ya sabuni na pamba, akiifuta kutoka katikati kwenda nje, kamwe si kwa kuzungusha. Mgeni aliyeishika kwa vidole upande unaong'aa hakuandaliwa chai.

Moja tu hakuwa nayo. Kabla ya kazi ya simu, Bi Mwatumu alikuwa amenengua miaka mitatu katika bendi ya Ngao Saba, yeye na shoga yake Bi Sikudhani Mbonde, ambaye sasa alikuwa mjane wa nyumba ya tatu kutoka kwake. Mwaka wao wa mwisho bendi ilipiga uwanjani katika mji mmoja wa kusini, mtu akapiga picha za sinema, na miaka mingi baadaye wakasikia picha zile zimetiwa kwenye diski. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kujiona akicheza. Enzi zao kioo kikubwa kabisa nyumbani kilikuwa cha kunyolea ndevu. Wanawe Bi Mwatumu waliambiwa kwamba mama yao alikuwa mnenguaji, nao waliamini, lakini kwa adabu tu.

Basi aliitafuta diski ile. Aliwatuma madereva wa malori, aliwaandikia wafanyabiashara wa sokoni, aliwakamata wasafiri misibani. Huku akitafuta ndipo nchi yetu ilipopata Sera ya Kanda.

Sera yenyewe ilizaliwa hivi. Mkuu wa Nchi alihutubia taifa Siku ya Mavuno akasema, "Kila kanda ijitegemee." Alikuwa akizungumzia maeneo: kanda ya ziwa ile samaki wake, kanda ya milima ile viazi vyake. Waziri wa Picha na Sauti, Mheshimiwa Profesa Ndomondo, alikuwa ameketi mbele ya spika mbovu. Yeye alisikia neno moja tu, kanda, na kwa kuwa kazi yake ilikuwa picha, akajua zinazosemwa ni kanda za video. Kwamba kanda za video zilikwisha zamani na watu wanatumia diski ni jambo lililomsumbua kwa muda, kisha akaliundia kamati. Kwetu Mkuu wa Nchi haulizwi alimaanisha nini. Hutekelezwa.

Miezi sita haikwisha, picha za nchi nzima zikagawanywa kanda tano. Diski ya Kanda ya Kwanza ikawa haiingiliani na deki ya Kanda ya Pili, na ya Pili haisomeki katika ya Tatu. Kanda ya Kwanza picha zilikwenda ishirini na tano kwa sekunde, Kanda ya Pili thelathini, na Kanda ya Tatu ilipolalamika kwamba imesahauliwa ikapewa ishirini na saba na nusu. Diski za zamani zilihesabiwa kuwa za kanda ya mji zilikotengenezwa. Deki mpya zilizitambua zenyewe. Kwa namna gani sijui, ni mambo ya utaalamu.

Waziri alitufafanulia kwa redio kwa muda wa saa mbili. "Ndugu wananchi," alisema, "adui wa picha yetu ni picha ya jirani. Mtu anayetazama picha ya kanda nyingine ni sawa na mtu anayekula kwa jirani huku chungu chake kinachemka. Tumewafungia picha zenu ndani ya kanda zenu ili msihangaike kuchagua. Huo ndio uhuru."

Deki za zamani zilikusanywa zikasagwa, kifusi chake kikatumika kuziba mashimo ya barabara iendayo shambani kwa Mheshimiwa. Ni barabara nzuri kwelikweli. Nimeiona kwa mbali.

Bi Mwatumu alipewa deki ya Kanda ya Kwanza kama sisi sote. Alikaa mbele ya runinga siku tatu, akizijaribu diski zake moja moja, karatasi na kalamu mkononi. Siku ya nne asubuhi aliniita. Zilizosomeka zilikuwa mia mbili na tisa. Nyingine zilikataliwa kabisa. Deki ilizitema na kuandika kwenye kioo: KANDA SI YAKO. ASANTE KWA UZALENDO. Nyingine zilikubaliwa nusunusu: rangi hakuna, picha inapanda kama maji yanayochemka, miguu ya mpiga besi juu na kichwa chake chini. Wananchi wengi walilalamikia jambo hilo, na Wizara ikatoa tangazo: "Picha haipandi. Mtazamaji ndiye anayeshuka. Wananchi wanaombwa wakae sawa."

Tulikaa sawa. Picha iliendelea kupanda.

Miezi kama miwili baada ya hapo, mambo mawili yalitokea katika wiki moja. La kwanza, Bi Sikudhani alirudi kutoka hospitali akasema ana presha ya macho. Ugonjwa ule hula ukingo kwanza. Akitazama mbele anaona, lakini pembeni giza, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, na bomba lenyewe linazidi kuwa jembamba. Daktari hakumficha. Alimwambia ahesabu mpaka mvua za vuli.

La pili, diski ilipatikana. Dereva wa zamani wa Ngao Saba, mzee aliyestaafu kulekule kusini, aliituma kwa posta ndani ya kitambaa cha kanga na barua ya mistari mitatu. Alisema ameitazama zamani kabla ya Sera, na kwamba wasichana wote wawili wamo, wanaonekana waziwazi.

Nilikuwapo walipoifungua. Bi Mwatumu aliishika kwa ukingo, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, hakuona mkwaruzo hata mmoja. Bi Sikudhani alikuwa ameketi kwenye zulia, karibu kabisa na runinga, shingo ameinyoosha. Deki ikaimeza, ikanguruma kidogo, ikaitema. KANDA SI YAKO. ASANTE KWA UZALENDO.

"Inasemaje?" Bi Sikudhani aliuliza, maana maandishi yalikuwa pembeni ya kioo.

"Inatushukuru," Bi Mwatumu alisema.

Ilikuwa diski ya Kanda ya Nne. Mtu atauliza kwa nini hawakupanda basi kwenda kusini wakaitazame huko. Waliuliza hata wao. Jibu lilikuwa kwamba Kanda ya Nne ilikuwa na diski lakini haikuwa na deki. Zilikuwa bado hazijaagizwa. Waziri alikuwa amelieleza suala hilo bungeni: kujitegemea ni safari, na watu wa kusini wako mwanzoni mwa safari. Nchi nzima ilikuwa na deki moja tu ya Kanda ya Nne, nayo ilikuwa ya mfano, makao makuu ya Wizara, ndani ya kabati la kioo.

Kwanza tulijaribu njia ya mkato, mimi na kina mama wawili. Sokoni palikuwa na fundi aitwaye Makorongo, ambaye enzi zake aliweza kuifungua deki kwa bisibisi na kuifanya isome kila kitu duniani. Tulikuta kibanda chake kimefungwa. Serikali ilikuwa imemwajiri, awe Mshauri Mkuu wa Ufungaji. Tulimfuata Wizarani, tukamkuta amevaa tai, anatoa jasho. Bi Mwatumu alimweleza shida kwa sauti ya chini, akamwonyesha diski. Makorongo aliitazama kwa hamu ya mtu aliyeacha sigara, kisha akarudisha mikono yake chini ya meza.

"Bi mkubwa," alisema, "mikono yangu siku hizi ni ya kusaini."

Akatuelekeza kwa Afisa Mwandamizi wa Ulinganifu wa Picha, Ndugu Kashinde, chumba kinachofuata.

Ningependa kusema Ndugu Kashinde alikuwa mtu mbaya, hadithi ingekuwa rahisi. Hakuwa mbaya. Alisimama tulipoingia, akawapa kina mama viti viwili pekee alivyokuwa navyo, akasikiliza mpaka mwisho bila kushika simu. Kisha akatoa Fomu ya Kuomba Kutazama. Swali la saba lilisema: Eleza kwa ukamilifu yaliyomo ndani ya diski. La tisa: Mwombaji anaonekana kwa sekunde ngapi?

Bi Mwatumu alimweleza kwamba hawajui, hawajaitazama, ndiyo maana wamekuja. Kashinde akasema anaelewa sana, lakini Wizara haiwezi kuruhusu diski isiyojulikana ina nini. Basi itazameni nyinyi mjue, Bi Mwatumu akamwambia. Kashinde akashusha macho. Hawawezi, alisema, kwa sababu haijapata kibali cha kutazamwa.

Bi Sikudhani alicheka mpaka akashika ubavu. Bi Mwatumu hakucheka. Niliona mshipa umesimama shingoni mwake.

Hapo Kashinde alifungua mtoto wa meza akatuonyesha bahasha ya rangi ya kahawia. Ilikuwa diski ya harusi yake mwenyewe. Mkewe alikuwa mtu wa Kanda ya Pili, harusi ilifanyika kwao, na yeye alikuwa hajawahi kuiona. Siku yenyewe, alisema, alikuwa na wasiwasi mno, hakumbuki kitu. Alikuwa ameomba kibali tangu Sera ilipoanza. Ombi lake lilikuwa juu ya meza yake, ila sheria haimruhusu afisa kushughulikia jambo lake mwenyewe, na afisa mwingine wa cheo hicho hayupo.

Tukajaza fomu kwa makisio. Bi Sikudhani alisema tuandike sekunde mia mbili na kumi na tisa, kwa kuwa alizicheza kwa kuhesabu na mwili wake haujasahau. Fomu ilirudi baada ya wiki tatu: thibitisha sekunde.

Ndipo nilipoanza kuandika barua. Niliandika kumi na nne, kila moja nzuri kuliko iliyotangulia. Nilimsifu Waziri kwa maono yake, nikaisifu Sera, nikawasifu hata walinzi wa mlangoni kwa jinsi wanavyosimama. Ombi lenyewe niliweka mwishoni, dogo, kama mtu anayekohoa msikitini. Kila barua ilijibiwa. "Barua yako imepokelewa, imesomwa na imependwa. Endelea kuandika."

Bi Mwatumu alikuwa akinisikiliza nikimsomea majibu hayo, halafu anaondoka kwenda kupanga upya rafu ambazo hazikuhitaji kupangwa. Siku moja nilimkuta ameketi chini katikati ya diski zake elfu moja na mia moja zisizosomeka, amezitandaza sakafuni zikimetameta kama mizani ya samaki. Aliniambia kwamba katika kazi ya simu, mtu akikwambia nipe namba fulani, unachomeka waya, watu wanaongea. Akaniuliza ni nani aliyechomoa waya. Nilimjibu kwamba bila shaka Serikali ina sababu. Akaniomba niondoke, ana kazi.

Macho ya Bi Sikudhani nayo yalikuwa yakienda. Alianza kumimina chai nje ya kikombe. Watu aliwatambua kwa nyayo. Shoga yake akienda kumwamkia ilimbidi asimame mbele yake kabisa, kama anayepigwa picha.

Mwezi wa tisa ilikuwa Siku ya Kanda, sherehe ya kitaifa. Waziri alikuja uwanjani kwetu. Ile deki ya mfano ya Kanda ya Nne ililetwa juu ya mto mwekundu wenye nyuzi za dhahabu, imebebwa na askari wanne wanaotembea kwa mwendo wa pole. Baada ya hotuba palikuwa na kipindi cha maswali ya papo kwa papo. Maswali yalikuwa yamekwisha kuchapwa kwenye kadi, wakagawiwa watu walioonekana watulivu. Kwa umri wake Bi Mwatumu alipewa kadi. Ilisema: "Je, Mheshimiwa, huchoki?"

Alipofikiwa na kipaza sauti aliigeuza kadi kifudifudi.

"Mheshimiwa," alisema, "shoga yangu huyu hapa anapofuka. Daktari amempa mpaka mvua za vuli. Tulicheza dansi pamoja tulipokuwa wasichana, tumo katika diski ya Kanda ya Nne, na hatujawahi kujiona. Deki ya kuisoma iko moja nchi nzima, ndiyo hiyo hapo juu ya mto mwekundu. Diski ninayo hapa mkobani. Wimbo ni dakika nne. Tunaomba tuutazame sasa hivi, kisha twende zetu nyumbani."

Waziri alimtazama msaidizi wake, msaidizi akazitazama kamera, na kamera zilikuwa zinawaka.

"Mama huyu ametugusa," Waziri alisema. "Serikali hii inasikia. Na Serikali inayosikia, inaona. Na Serikali inayoona, inaonyesha. Naagiza kina mama hawa waonyeshwe."

Watu walipiga makofi hadi vumbi likainuka. Mimi mwenyewe nilipiga. Bi Mwatumu alitoa diski mkobani akaanza kwenda jukwaani, lakini askari alimzuia kwa upole. Agizo ni agizo, alimwambia, na utekelezaji ni idara nyingine. Waziri alikuwa amekwisha kuingia garini.

Iliundwa kamati ya watu tisa kutekeleza agizo. Kikao cha kwanza kilijadili maana ya neno waonyeshwe: je, kina mama waonyeshwe diski, au wananchi waonyeshwe kina mama? Hoja zilikuwa nzito pande zote mbili. Kikao cha pili kilihusu viti. Cha tatu hakikufanyika, kwa kuwa kilikuwa kimepangwa kufanyika siku moja na semina ya kuharakisha maamuzi. Kila Jumatatu Bi Mwatumu alikwenda Wizarani kuuliza, na Ndugu Kashinde akamwambia iko njiani. Alipouliza iko njia gani, Kashinde alimkaribisha kiti.

Mvua za vuli hazina kamati. Zilinyesha tarehe zake.

Barua ya kibali ilifika mwishoni mwa Novemba, ikiwa na mihuri mitano, ikitaja siku, saa na ukumbi. Kufikia hapo Bi Sikudhani alikuwa akitofautisha mwanga na giza, basi. Bi Mwatumu alikuja kwangu na ile barua akasema hatakwenda. Alisema ingekuwa dhihaka, na kwamba amechoka kuifanyia Serikali kazi yake ya kuwadhihaki yeye na mwenzake. Tukaenda kwa Bi Sikudhani kumwambia. Yeye alikuwa akipeta mchele kwa vidole, akiokota chuya moja moja bila kukosea.

"Tutakwenda," alisema. "Macho yameisha, sawa. Masikio yangu hayajaomba ruhusa kwa mtu. Nataka niusikie ule wimbo."

Siku ya siku alivaa kanga mpya, akapaka wanja. Ukumbi ulikuwa umepambwa kwa bango: SERIKALI YAWAONYESHA. Wajumbe wote tisa wa kamati waliketi mstari wa nyuma na madaftari. Deki ilitolewa kabatini, runinga ilikuwa kubwa kama mlango. Bi Mwatumu alikabidhi diski kwa mikono miwili. Ndugu Kashinde akasimama kusoma kibali, na alipofika mstari wa tatu sauti yake ikapungua.

Kilikuwa kibali cha kuona. Sauti ilikuwa chini ya Idara ya Sauti, ghorofa ya pili, ambayo ilipaswa kuombwa kwa fomu yake, na mkurugenzi wake alikuwa safarini. Kitufe cha sauti kilikuwa kimefunikwa kwa lakiri nyekundu.

Bi Mwatumu alisimama. Hakupaza sauti. Alimweleza Kashinde, mbele ya kamati, kwamba mwenzake haoni; kwamba kama ni kugawa, basi angalau wangegawa vizuri, picha wampe yeye na sauti wampe Sikudhani; kwamba mtu kipofu kupewa picha isiyo na sauti ni jambo ambalo hata shetani angeona haya kulipanga peke yake, angehitaji kamati. Mjumbe mmoja aliinua mkono akasema muda wa kibali umekwisha kuanza, dakika nne, na dakika ya kwanza inakwenda.

Wakaiwasha.

Picha ilikuwa safi. Rangi zote, miguu chini, vichwa juu. Uwanja, watu, vumbi, jua la saa kumi, wapiga tarumbeta wakiwa na mashati ya madoa. Kisha wasichana wawili wakaingia kutoka kushoto. Bi Mwatumu aliweka mkono mdomoni. Kwa muda alisahau kila kitu, na sikumlaumu.

"Wameanza?" Bi Sikudhani aliuliza.

"Wameanza. Tumeingia. Tumevaa za machungwa."

"Mguu gani mbele?"

"Wa kushoto. Sasa tumegeuka. Mabega."

"Basi hapo ni gitaa la solo," Bi Sikudhani alisema, akaanza kuliimba lile gitaa kwa mdomo, noti kwa noti, huku akipiga paja. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza lakini mapigo yalikaa sawasawa na miguu ya wale wasichana kwenye kioo. Bi Mwatumu akawa anasema: mikono juu, tumeshuka, tumepanda, na mwenzake anaimba. Kisha Bi Sikudhani akashika mgongo wa kiti, akasimama, akaucheza. Hakuucheza wote. Kiuno kidogo, bega, kisigino. Nilitazama kioo, nikamtazama yeye, nikaona ni mtu yuleyule.

"Unanipita," Bi Mwatumu alisema, akilia. "Kwenye picha umeniacha hatua nzima."

"Siku zote wewe ulikuwa unachelewa."

Wajumbe walikuwa wakiandika. Nilisikia mmoja akimuuliza mwenzake kama sauti inayotoka kwa raia inahesabiwa. Ndugu Kashinde hakuwa akiandika. Alikuwa amesimama kando ya deki, mkono juu ya swichi, akitazama saa ya ukutani kama mtu anayeiomba isimame. Saa haikusimama. Dakika ya nne ilipotimia akaizima, na Bi Sikudhani akaendelea kuimba kidogo kabla ya kugundua kwamba Bi Mwatumu amenyamaza.

Ikaja karatasi ya mwisho. Ilisema: Mimi niliyetajwa nimeona na nimeridhika. Bi Mwatumu aliandika jina lake na akakata neno la mwisho. Bi Sikudhani akasomewa, akauliza kama ndiyo yote, akasema yeye hawezi kuweka saini hapo. Kanuni iliruhusu: asiyeweza, shahidi huandika kwa niaba yake. Shahidi nilikuwa mimi.

Nimeshuhudia maelfu ya saini maishani mwangu, na sikuwahi kusoma nilichokuwa nikikishuhudia. Ndivyo nilivyofika kwenye pensheni salama. Nilichukua kalamu. Nikaandika: "Bi Sikudhani Mbonde hakuona kitu. Aliletwa baada ya macho yake kwisha, na sauti akanyimwa. Nilikuwapo."

Ndugu Kashinde alisoma, akanivuta kando. Alinong'ona kwamba hii ikiingia kwenye faili, faili halifungiki. Shauri likiwa wazi, diski inazuiwa kama kielelezo, na hajui itazuiwa mpaka lini. Akatoa karatasi nyingine safi. "Bwana Karani," alisema, "andika neno moja tu, ameona. Mchukue diski yenu muende."

Nilirudi nikawaeleza kina mama, kwa sababu diski haikuwa yangu. Bi Sikudhani alitaka kujua nimeandika nini hasa, nikamsomea.

"Iache hivyo," alisema. Kisha akamgeukia mwenzake, akakosea upande kidogo. "Lakini diski ni yako, shoga. Umeitafuta miaka yote hiyo. Sema wewe."

Bi Mwatumu alikuwa ameushika mkoba kwa mikono miwili. Sijui alifikiri kwa muda gani. Najua mjumbe mmoja alikwenda haja akarudi. Hatimaye akaufungua mkoba, akatoa jalada tupu la diski na kile kitambaa cha kanga ilichokuja nacho, akaviweka mezani mbele ya Kashinde.

"Mtaitia humu," alisema. "Msiilaze juu ya kitu. Na ukiishika, mwanangu, shika ukingoni."

Kesho yake gazeti lilikuwa na picha ya ukumbi, ukurasa wa kwanza: WAJANE WAWILI WAONA, WARIDHIKA. Bi Mwatumu hakuwa mjane; mumewe alilisoma gazeti hilo mwenyewe na kuuliza kulikoni. Ndani Waziri alisema mafanikio haya yamethibitisha Sera, na kwamba Kanda ya Sita iko mbioni. Nililipeleka kwa Bi Sikudhani. Bi Mwatumu hakuwepo, alikuwa amekwisha kwenda Wizarani kuangalia wameiweka wapi, kabati lina unyevu au halina.

Nilimsomea Bi Sikudhani habari yote, kichwa mpaka mwisho, pamoja na hotuba. Alisikiliza akiwa amekaa kizingitini, uso kwenye jua. Nilipomaliza, aliniambia niliweke gazeti chini, nimsomee ile nyingine, niliyoandika jana.

Karatasi sikuwa nayo. Nilimwambia kwa kichwa, neno kwa neno.

"Soma tena," alisema.